Ubuyu: Tusiudharau, Tusiuabudu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ikiwa hujambo, mshukuru Mungu na usome. Ikiwa wajisikia vibaya, basi soma kwa makini zaidi, maana nitakayoyasema yanahusu mwili wako na mfuko wako.

Mada yangu ni ubuyu. Najua tayari kuna watu wa darasa langu wanaocheka. Wanasema, "Jamani, wenzetu wanaandika juu ya ufisadi na mapenzi, huyu ametuletea mabuyu!" Chekeni tu. Mimi nashikilia kwamba watu wa hapa kwetu wanalikosea tunda hili mara mbili. Kuna wanaolidharau, wakaliona ni chakula cha wakati wa njaa na cha watoto wasio na hela ya peremende. Na kuna wanaolipandisha cheo mpaka likawa daktari wa kila ugonjwa. Wa kwanza wanapoteza chakula. Wa pili wanaweza kupoteza roho.

Kwanza tuwekane sawa kwa lugha, kwani hili ni jarida la Chama cha Kiswahili. Mti ni mbuyu. Tunda ni buyu. Ule unga mweupe uliokauka na kushikamana na mbegu ndani ya buyu ndio ubuyu. Nazo zile mbegu zilizopikwa kwa sukari zikatiwa rangi nyekundu, ambazo zinawaachia wenzangu midomo kama ya waigizaji, twaziita mabuyu. Mtu akisema "ubuyu una faida" huku akinyonya mabuyu ya rangi, anachanganya vitu viwili tofauti. Nitarudi hapo.

Wataalamu huuita mti huu Adansonia digitata. Jina hilo linatokana na Michel Adanson, Mfaransa aliyekaa Senegal kuanzia mwaka 1749 hadi 1753 na kuandika habari za mimea ya huko. Neno la pili linahusu majani yake yaliyotanda kama vidole vya mkono. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kupumzika kivulini mwake, wakala tunda lake, wakapika majani yake na kusokota kamba kwa magome yake, karne nyingi kabla Adanson hajazaliwa. Lakini jina likaenda kwa aliyeshika kalamu. Ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya nami niishike.

Sasa tuingie katika sayansi. Mwalimu wetu wa kemia akipitia hapa anisahihishe.

Mwaka 1747 tabibu wa meli ya Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ule ugonjwa wa kutoka damu kwenye ufizi na kulegea meno. Aliwagawa wawili wawili, akawapa kila jozi kitu tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wote. Ilichukua muda mrefu mpaka kilichomo katika matunda hayo kikajulikana kuwa ni vitamini C, na mwaka 1937 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa utafiti uliohusu vitamini hiyo. Ubuyu nao unayo vitamini C kwa wingi. Gramu 100 za ubuyu mkavu mara nyingi hupatikana na miligramu kati ya 150 na 500, kutegemea mti, mahali ulipoota na jinsi ubuyu ulivyohifadhiwa. Gramu 100 za chungwa zina kama miligramu 50.

Hapo ndipo wauzaji wanapopiga kelele: "Mara sita ya chungwa!" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Toa karatasi tufanye hesabu. Tuseme ubuyu wetu una miligramu 300 katika gramu 100. Nani anakula gramu 100 za ubuyu mkavu kwa mpigo? Utasakamwa. Kijiko kikubwa kimoja ni kama gramu 10, yaani miligramu 30 za vitamini C. Chungwa moja lenye nyama ya gramu 130 litakupa miligramu 65. Kwa hiyo chungwa zima linashinda kijiko kimoja, na linakaribiana na vijiko viwili. Ubuyu haujashindwa, lakini haujashinda mara sita pia. Umaarufu wa ubuyu uko kwingine. Ni mkavu, kwa hiyo ukiuweka mahali pakavu unakaa miezi bila friji. Sehemu yake kubwa ni nyuzinyuzi, ambazo tumbo linazihitaji. Una kalsiamu, kama miligramu 300 kwa gramu 100. Na kwetu sisi, mti wake uko nyuma ya nyumba na haumwagiliwi maji na mtu.

Mbali na vitamini hizo, kuna neno ambalo siku hizi liko midomoni mwa kila muuza dawa: antioksidanti. Nini hiyo? Mwili wako hutumia oksijeni kuunguza chakula upate nguvu. Katika kazi hiyo hutokea chembechembe zilizokosa elektroni moja. Hizo ni kama mtu aliyeibiwa kiatu kimoja: naye humpokonya jirani yake, jirani akampokonya mwingine, mtaa mzima ukachafuka. Antioksidanti ni kama mkarimu anayetoa kiatu chake cha akiba, ugomvi ukaisha. Wataka kuona kwa macho? Menya ndizi mbichi uiache wazi. Itageuka nyeusi kwa kukutana na hewa. Ikamulie ndimu, itakawia kugeuka. Vitamini C ni mojawapo ya vitu vinavyofanya kazi hiyo, na ubuyu una pia vitu vya jamii ya polifenoli ambavyo vinasaidia.

Neno la pili ni uvimbe. Ukijikwaa kidole, damu hukimbilia pale pamoja na chembe nyeupe za ulinzi. Utaona wekundu, utasikia joto, patavimba, patauma. Huo ni ulinzi na ni jambo jema. Taabu ni pale uvimbe unapokataa kuondoka, ukakaa miezi na miaka katika viungo au katika mishipa ya damu. Hapo mlinzi amegeuka mwizi.

Je, ubuyu unatuliza uvimbe? Jibu la haki ni kwamba katika maabara, ndiyo, umeonyesha dalili. Miaka ya 1990 watafiti wa Misri waliwapa panya maji yaliyotengenezwa kwa ubuyu, na uvimbe waliosababishiwa miguuni ukapungua. Majaribio mengine yamefanywa katika vichupa vya maabara na yakaonyesha nguvu kubwa ya antioksidanti. Kwa binadamu, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, walichapisha matokeo kwamba ubuyu ulipunguza kasi ya wanga kusagwa na sukari kupanda katika damu baada ya mtu kula mkate. Lakini hao walikuwa watu wachache wenye afya, na walipimwa kwa muda mfupi tu. Na hapa kwetu Kenya wanafunzi waliwahi kupewa kinywaji cha ubuyu siku za shule ili ionekane kama damu yao itaongezeka nguvu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: mabadiliko yalikuwa madogo.

Panya si nyanya yako. Kichupa si tumbo. Dawa ikifaulu kwa panya ndipo kazi inaanza, haijaisha. Na si kila antioksidanti ikiongezwa huleta heri. Huko Finland, wanaume zaidi ya 29,000 waliokuwa wavutaji wa sigara walifanyiwa jaribio kwa vidonge, wengine wakipewa beta-karotini, ile rangi ya karoti, kwa tumaini kwamba itawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo zaidi kuliko wasiomeza. Karoti ni ile ile nzuri, lakini kidonge kilifanya mengine. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiki kina antioksidanti, kunywa kwa wingi, hakidhuru", muulize amejuaje.

Sasa nieleze kwa nini nimeikasirikia biashara hii. Mwaka jana nyanya yangu mzaa mama alikuwa akisumbuliwa na magoti. Yalivimba, asubuhi hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Pia ana presha, na kliniki alikuwa amepewa vidonge vya kumeza kila siku. Siku moja sokoni akakuta jamaa mwenye gari na kipaza sauti. Jamaa anauza mikebe ya unga. Eti unga huo unakausha uvimbe, unashusha presha, unamaliza sukari, unasafisha figo na kuyeyusha saratani. Nyanya akamwuliza habari za vidonge vyake. Jamaa akamjibu, "Mama, hizo kemikali ndizo zinazokuvimbisha. Ziache." Nyanya akalipa shilingi mia nane.

Mkebe ulipofunguliwa nyumbani, kila mtu aliujua ule unga kwa harufu. Ulikuwa ubuyu. Na nyuma ya jiko la nyanya yangu kuna mbuyu mkubwa ambao hata watoto sita wakishikana mikono hawauzungushi. Mabuyu yanaanguka yenyewe, mbuzi wanayapiga teke. Amenunua kwa mia nane kitu kinachomwangukia bure!

Hilo la pesa tungelicheka likaisha. Lakini nyanya aliviacha vidonge. Wiki ya tatu mjomba alimkuta ameketi sakafuni jikoni, kichwa kinamuuma, macho yanaona kiza, hawezi kusema vizuri. Alipofikishwa hospitali presha ilikuwa imepanda vibaya. Mwuguzi aliuliza swali moja tu: "Dawa anameza?" Tukatazamana. Mungu alimhurumia, akarudi nyumbani. Siku hizi anakunywa maji yake ya ubuyu akitaka, na vidonge vyake anameza saa mbili kila usiku, mimi ndiye msimamizi. Yule jamaa wa gari hatukumwona tena. Bila shaka yuko soko jingine, kipaza sauti kiko mkononi.

Kuna watakaosema, "Wewe umetekwa na uzungu, wadharau dawa za wahenga." La hasha! Wahenga waliula ubuyu kama chakula, wakampa mtoto mwenye kuhara na homa maji yake, wakajua na mipaka yake. Hakuna mzee niliyemsikia akisema ubuyu unatibu saratani. Maneno hayo yamezaliwa na biashara ya juzi. Tena ubuyu una potasiamu nyingi, na mgonjwa wa figo aliyeambiwa na daktari apunguze potasiamu anaweza kudhurika akijinywea tu kwa kuambiwa "unasafisha figo".

Upande wa pili ni wale wenye dharau. Mgeni akikaribishwa soda, anajiona ameheshimiwa. Akikaribishwa maji ya ubuyu, anadhani wenyeji wamefilisika. Ajabu ni kwamba mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya, na mwaka 2009 Marekani nayo ikafungua mlango. Chakula kipya! Kitu ambacho babu wa babu yako alikilamba, huko ni kipya, kinatiwa katika paketi nzuri na kuuzwa ghali. Sisi tumeyaacha mabuyu yaoze, tunafunga safari dukani kununua juisi ya unga yenye picha ya chungwa ambayo chungwa lenyewe haijawahi kuliona. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na dharau ina gharama. Mnakumbuka mwaka 2022 hapa Kilifi mibuyu iling'olewa mizima na mizizi yake ili isafirishwe mpaka nchi ya Georgia ikapambe bustani. Kelele zilipokuwa nyingi, mwezi wa Novemba Rais William Ruto aliagiza jambo hilo lichunguzwe. Mimi siwalaumu wenye mashamba waliouza. Mtu ana karo ya kulipa, anaona mti ambao hakuna anayenunua tunda lake kwa bei ya maana, na mnunuzi amekuja na fedha taslimu. Angekuwa anapata kitu kila mwaka kutokana na mabuyu, angefikiri mara mbili. Mti unaolisha familia hauuzwi kirahisi. Kwa hiyo kula ubuyu na kuulipia bei ya haki ni njia moja ya kuilinda mibuyu, pengine kuliko hotuba nyingi za siku ya kupanda miti.

Naomba sasa nirudi kwa yale mabuyu mekundu ya langoni, na wenye kuyapenda wanisamehe. Kipakiti cha shilingi kumi hupikwa kwa sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Joto huharibu vitamini C, na rangi haiongezi chochote ila ulimi mwekundu. Sisemi tusile. Ni tamu, na iliki yake hunukia mpaka darasani. Nasema tuyaite kwa jina lake: ni peremende. Tusile peremende halafu tuseme tunakula afya. Tena unyonyaji wa vitu vya sukari kutwa nzima kazi yake meno yanaijua.

Kulalamika bila dawa ni kelele, kwa hiyo natoa mapendekezo matatu kwa shule yetu.

La kwanza, kantini iuze maji ya ubuyu yasiyopikwa. Matayarisho yake si kazi: loweka ubuyu katika maji safi ya kunywa, koroga mpaka unga uachane na mbegu, chuja, tia sukari kidogo tu. Maji yawe yamechemshwa kisha yakapoa, maana kipindupindu hakijui antioksidanti. Kinywaji hicho kinafaa sana wakati wa chakula cha mchana. Sisi wa shule ya kutwa wengi tunakula maharagwe na githeri. Vyakula hivyo vina madini ya chuma ambayo mwili huyapata kwa shida, na vitamini C katika mlo uo huo husaidia mwili kuyachukua. Chai hufanya kinyume. Wasichana tunapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo jambo hili kwetu si mzaha. Hata kama faida yake ni ndogo, gharama yake pia ni ndogo, na soda haina faida hiyo hata kidogo.

La pili, ubuyu huo ununuliwe kwa wazazi na majirani wenye mibuyu, kwa bei inayojulikana, si kwa kuokotaokota na kupunjana. Nyanya zetu wakipokea hela ya ubuyu kutoka shuleni, yule jamaa wa kipaza sauti atapata taabu kuwauzia mali yao wenyewe.

La tatu, Chama cha Kiswahili kishirikiane na kile cha sayansi tuandike karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe sokoni na zahanati ikikubali. Iseme mambo manne tu: ubuyu ni chakula kizuri, uchunguzi juu ya uvimbe bado ni wa maabara zaidi kuliko wa watu, usiache dawa ya daktari kwa sababu ya unga wowote, na ukitumia vyote viwili, mwambie daktari. Maana vitabu vya sayansi tunavisoma kwa Kiingereza, na nyanya zetu hununua dawa kwa Kiswahili. Pengo hilo ndilo alilopitia jamaa na gari lake. Sisi tunaojua lugha zote mbili tusipoliziba, nani ataliziba?

Najua wapo watakaosema mwanafunzi wa kidato cha tatu hawezi kubadilisha soko. Mbuyu ulianza kama mchicha, ndugu yangu. Ukitoka shuleni leo ukapita chini ya mbuyu, okota buyu moja, lipasue, ulambe. Ni kali kidogo, ni chachu, ni chakula chako. Halafu ukifika nyumbani, muulize nyanya yako kama amemeza dawa zake.